Historia ya Meza ya Mbao katika Inchi ya Masisi



Katika vitabu vya jubilei ni desturi kuandika majina ya mapadri waliotangulia, hesabu ya wabatizwa, na mwaka wa kuinuliwa kuta za kanisa. Hayo ni mema, na wenzetu wameyaandika vizuri. Sisi tulipoombwa maneno ya historia, tulichagua kitu ambacho hakiandikwi katika daftari lolote la misioni, ingawa daftari lenyewe limeandikwa juu yake. Kitu hicho ni meza. Hatusemi meza ya plastiki wala ile inayoshuka kutoka kwa lori la Goma, bali meza ya kulia inayotengenezwa kwa mkono, hapa Bihambwe na pande zote za Masisi hata Walikale, kwa msumeno, randa na nyundo, pasipo mashine yoyote.

Wazee wetu hawakuwa na meza, wala hawakuona kwamba wamekosa kitu. Bugali ulipakuliwa katika kitunga, maharagi na mboga katika chungu cha udongo, na watu wakaketi chini au juu ya kiti kifupi chenye miguu mitatu au minne. Wanaume walikula kwao, akina mama na watoto walikula karibu na mafiga. Lakini mtu asidhani kwamba wazee hao hawakujua mbao. Walichonga vinu, mitumbwi ya ziwa Kivu, mitumbwi ya kukamulia pombe ya ndizi, ngoma, viti, na vyombo vya maziwa ambavyo hata siku ya leo fundi wa mashine angeshindwa kuvifanya vyembamba vile. Ila vyote hivyo vilikuwa vya namna moja: vilitoka katika gogo moja. Fundi aliondoa kisichotakiwa, kilichobaki ndicho chombo. Meza ni elimu nyingine kabisa. Hakuna gogo la kutoa meza nzima. Ni lazima vipande vingi, vilivyokatwa mbalimbali, vishikane na kukaa pamoja miaka mingi pasipo kuachana. Wazee walikuwa mabwana wa kuchonga. Kilichokuja baadaye ni ufundi wa kuunga.

Neno lenyewe limesafiri sana. Kiti ni neno letu la Kibantu, lakini meza tulipewa na Wareno, ambao katika lugha yao husema mesa. Vasco da Gama alifika Malindi mwaka 1498, na watu wake wakakaa pwani ya Mashariki mpaka walipofukuzwa Mombasa mwaka 1698. Ngome yao ilivunjika nguvu, lakini waliacha maneno ndani ya Kiswahili: meza, na parafujo, ambayo mafundi wetu huiita visi kwa kufuata Kifaransa. Watu wa pwani wenyewe waliendelea kutandika mkeka na kuzunguka sinia, na hata sasa nyumba nyingi za huko hula hivyo. Kisha, katika karne ya kumi na tisa, misafara ya Wangwana iliichukua lugha hii mpaka Nyangwe na Kasongo katika Maniema, na kutoka huko ikaingia Kivu. Kwa upande wa magharibi Wareno hao hao walikuwa wamefika katika ufalme wa Kongo, na Wakongo nao wakasema meza. Ndugu zetu wanaosema Kinyarwanda wanaita ameza. Basi neno hili limeingia katika inchi yetu kwa bahari zote mbili, na tunafikiri kwamba watu wengi wa milimani walilijua neno kabla ya kukiona kitu chenyewe.

Kitu chenyewe kilikuja kwa mikono ya namna mbili. Ya kwanza ni ile ya wamisionari. Kardinali Lavigerie alianzisha shirika la Mapadri Weupe huko Algeri mwaka 1868, na msafara wao wa kwanza kwa maziwa makubwa uliondoka mwaka 1878. Walikuwa watu kumi, na mmoja kati yao hakuwa padri: alikuwa Furere Amans, ambaye pamoja na Padri Lourdel alifika Buganda mwezi wa Februari 1879. Tunamtaja kwa makusudi. Historia za Kanisa hupenda mapadri na maaskofu, lakini mafurere ndio waliojenga. Padri alipokuwa akifundisha Sala ya Bwana, furere alikuwa akiwafundisha vijana kunoa randa. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walikuwa wametangulia kufanya hivyo Bagamoyo tangu 1868, katika karakana walimofundisha useremala na uhunzi. Mapadri Weupe walipokea Mpala, kando ya ziwa Tanganyika, mwaka 1885. Wakajenga Kirungu tangu 1893, na mwaka 1906 wakafika Nyangezi, kusini ya ziwa Kivu. Kila mahali misioni ilihitaji milango, madirisha, vitanda, mabenchi ya shule, na meza. Mbao hazikuweza kutoka Ulaya kwa vichwa vya wapagazi. Ilikuwa lazima kupasua miti palepale na kuwafundisha watu wa palepale.

Mikono ya pili ni ile ya walimaji wa Kizungu. Katika zamani za Wabeleji walichukua milima mingi ya Masisi kwa ngombe, kahawa, chai na pareto, wakajenga nyumba zenye chumba cha kulia. Kijana aliyeajiriwa kutengeneza mlango wa zizi alijifunza pia kutengeneza meza ya bwana wake, naye hakualikwa kuketi. Mashamba hayo yalibadili wenyewe, hasa baada ya tangazo la tarehe 30 Novemba 1973 lililokabidhi mali ya wageni kwa Wazairwa. Meza za wazungu hao zilitawanyika katika nyumba nyingi, nasi tumeona mafundi wakizigeuza miguu juu ili kusoma ndani yake, kama mtu anavyosoma kitabu, ginsi viungo vilivyofanywa.

Kwa upande wa Kanisa mwaka mkubwa ni 1965. Zamani altare kuu ilishikamana na ukuta, padri akasoma Misa akiwapa watu mgongo. Mtaguso wa Vatikano ulipotoa hati yake ya Liturjia mwezi wa Desemba 1963, maagizo yalifuata tarehe 26 Septemba 1964, yakaanza kutumika tarehe 7 Machi 1965. Yalishauri altare kuu isimame mbali na ukuta, ili padri aweze kuizunguka na kuwaelekea watu. Jimbo letu la Goma lilikuwa bado changa chini ya Askofu Busimba. Kubomoa altare ya mawe si kazi ya siku moja, na saruji ina bei. Katika makapela mengi ya vijijini dawa ilikuwa moja: kumwita seremala. Ndivyo fundi yule yule aliyetengeneza meza za kulia alivyotengeneza meza ya Ekaristi, kwa vipimo karibu vile vile, isipokuwa urefu wake kwenda juu. Meza ya kulia ni sentimetre 75, kwa sababu mtu ameketi. Altare hukaribia metre moja, kwa sababu padri amesimama. Waamini wengi hawakuhitaji mahubiri marefu kuhusu Karamu ya Bwana. Waliona miguu minne ya mbao, wakaelewa.

Sasa tueleze kazi yenyewe, maana vijana wengi wanaijua meza kwa juu tu.

Kwanza ni mti. Watu wa Bihambwe hutazama miti mitatu, na yote mitatu ni migeni. Mkaratusi umetoka Australia: hukua upesi, ni mgumu, lakini hupinda na kupasuka hata baada ya kuwa meza. Unafaa nguzo za nyumba na makala. Sipresi imetoka upande wa Meksiko: ni nyepesi, yanukia vizuri, randa hupita juu yake pasipo taabu, lakini ina mafundo mengi, na ukiweka chungu cha moto juu yake hubonyea. Grevilea nayo ni ya Australia, na katika macho yetu ndiyo mti wa meza ya milimani. Rangi yake yaelekea wekundu, na ina madoadoa mazuri kama ngozi ya chui mchanga. Anayetaka meza ya wajukuu hutafuta mbao za msitu wa Walikale, libuyu au mvule, zilizopanda kwa njia ya Nyabiondo na Masisi. Lakini njia hiyo, tangu tulipokuwa vijana, imekuwa ya matope zaidi kuliko ya magari, na mbao zake zimekuwa ghali.

Mti huangushwa wakati wa kiangazi, mwezi wa Juni au Julai, maji yake yakiwa machache. Wapasuaji hawachimbi shimo kama inchi za tambarare. Milima yetu imekwisha kuwafanyia kazi hiyo. Hujenga kitanda cha miti kwenye mteremko, wakalilaza gogo juu yake, na kupiga mistari kwa kamba iliyochovywa katika maji ya makala au unga mweusi wa mawe ya radio yaliyokufa. Mmoja anasimama juu, mwingine chini, na msumeno mrefu unapita kati yao. Wa juu huongoza mstari, wa chini hula unga wa mbao kwa macho na pua. Ndiyo maana mapatano ya haki ni kubadilishana mahali. Tangu misumeno ya injini ilipofika kazi imekuwa ya saa chache, lakini msumeno huo hutafuna mbao nyingi na kuacha uso wa kukwaruza, na fundi wa randa hulipa kwa jasho kile alichookoa mpasuaji.

Halafu ni kungoja, na hapa ndipo meza nyingi huharibika kabla hazijaanza. Mafundi wa zamani walishika kanuni hii: ubao ukaushwe mwaka mmoja kwa kila sentimetre mbili na nusu za unene wake. Ubao upangwe chini ya paa, usiguse udongo, na kati ya ubao na ubao viwekwe vijiti vya unene mmoja ili upepo upite. Katika Masisi, ambako mvua hunyesha karibu miezi yote, mwaka huo haupunguzwi. Wengine huweka mbao juu ya dari ya jiko, na moshi wa kila siku huzikausha na kufukuza wadudu. Lakini mtu ana arusi baada ya wiki tatu, fundi ana njaa, na mbao zina maji. Meza inatoka nzuri siku ya karamu, na katika kiangazi kinachofuata ina ufa unaopitisha ncha ya kisu. Kisha watu husema kwamba mafundi wetu hawajui kazi. Wanajua. Wamekosa mwaka mmoja wa kungoja.

Kwa meza ya watu wanane inatosha urefu wa metre 2 na upana wa sentimetre 90. Kila mtu apate sentimetre 60 za kukunja viwiko. Miguu minne iwe na pande za sentimetre 7. Mbao nne za ukanda huunganisha miguu chini ya uso wa meza. Mwisho wa kila ubao wa ukanda huchongwa ulimi, na katika mguu huchimbwa tundu kwa tindo, tundu lenye upana wa theluthi moja ya mguu, ili mguu usidhoofike. Ulimi uingie kwa kupigwa kidogo kwa mkono: ukihitaji nyundo kubwa utapasua mguu, ukiingia wenyewe utalegea. Kisha fundi mwenye akili hatii msumari. Hutoboa mguu na ulimi, lakini tundu la ulimi hulisogeza kidogo kabisa, milimetre moja au mbili kuelekea bega lake. Akipigilia kijiti cha mti mgumu, kijiti kinapita kwa kujipinda na kuvuta viungo vishikane. Kola ikichoka, kijiti hakichoki. Zamani kola yenyewe ilipikwa kwa ngozi na kwato, na Masisi haikukosa ngombe.

Kujua kama meza imenyooka hakuhitaji chombo cha Ulaya. Fundi hupima kwa kamba kutoka pembe hata pembe ya kukabiliana. Kamba mbili zikilingana, meza ni ya haki. Kwa pembe moja hutumia kamba ya mafundo: vipimo 3 upande mmoja, 4 upande wa pili, na 5 katikati yake. Wajenzi wa zamani sana walijua hesabu hiyo, na sisi tulifundishwa ubaoni katika seminari ndogo pamoja na jina la Pitagora, lakini hakuna mwalimu aliyetuambia kwamba yafaa kitu. Seremala ndiye aliyetuonyesha.

Jambo gumu kuliko yote ni uso wa meza. Mbao tano au sita hupigwa randa ubavuni mpaka mwanga usipite kati yake, zikaunganishwa kwa kola. Fundi asiyejua huzipigilia misumari kwenye ukanda pande zote, akadhani amezifunga milele. Lakini mbao hata ikikatwa na kukaushwa haifi. Kwa urefu haibadiliki, kwa upana hupumua: wakati wa mvua hupanuka, wakati wa kiangazi hunywea, na uso wa sentimetre 90 unaweza kutembea nusu sentimetre au zaidi. Ukiuzuia, unapasuka. Dawa ni vifungo vidogo vya mbao vilivyoingizwa katika mfereji wa ukanda: vinashika uso usiinuke, lakini vinauacha utembee. Tumewaonyesha vijana wengi jambo hili, na kila mara wanashangaa kwamba chombo kinadumu kwa sababu kimeachiwa nafasi.

Mwisho ni kulainisha. Neno msasa, ambalo watu hutumia kwa karatasi ya kulainishia mbao, ni jina la mti ambao majani yake hukwaruza kama ulimi wa ngombe, na mafundi wa zamani walisugua mbao kwa majani hayo. Halafu nta ya nyuki iliyoyeyushwa, si mawese, maana mawese hayakauki; yatanata katika mikono ya wageni.

Nani sasa anaketi kwenye meza hiyo? Hapa tutasema yaliyo moyoni. Katika nyumba nyingi za wakristu wetu meza iko sebuleni, imefunikwa kitambaa kilichofumwa na mama, na juu yake kuna radio na maua ya plastiki. Padri akija, anakula hapo pamoja na baba wa nyumba. Mama na watoto wanabaki jikoni, chini, kama zamani za kitunga. Basi seremala alichimba matundu manane na kungoja mwaka mzima kwa ajili ya padri anayefika mara nne kwa mwaka! Wageni wetu waheshimiwa watusamehe, lakini tungefurahi kama wangeuliza, kabla ya kubariki chakula, mama yuko wapi.

Tena kuna vita. Mwezi wa Machi 1993 mauaji yalianza Ntoto katika Walikale, yakapanda mpaka Masisi. Baada yake tumekimbia mwaka 1996, na 2007 na 2008, na 2012. Tarehe 30 Aprili 2024 Rubaya, jirani yetu, ilitwaliwa na M23, na mapigano yalipita katika vijiji hivi hivi. Katika kila safari watu wenye silaha, wa majina mbalimbali, walilala ndani ya nyumba na makapela, na usiku wa Masisi ni baridi. Kuni zilizo karibu zaidi ni meza na mabenchi. Mtu aliyekimbia na chungu, blanketi na mtoto mgongoni alirudi akakuta majivu katikati ya sebule, na misumari ndani ya majivu. Ndipo wengine waliposema: kwa nini kutengeneza tena? Turubai na kiti cha plastiki vyatosha kwa mtu wa njiani.

Mafundi wamejibu kwa namna mbili. Wengine wametengeneza meza ya kabari. Ina vituo viwili na boriti moja inayopenya katika vyote viwili, na kabari ya mbao hukaza kila upande; ukigonga kabari, meza inaanguka vipande vipande kwa dakika chache. Uso wa grevilea wa metre 2 kwa sentimetre 90, wenye unene wa sentimetre 3, unakaribia kilo 30, lakini ukifanywa vipande viwili, kila kimoja ni mzigo wa mtu mmoja. Ni ufundi mzuri, na ni wa kale: watawa wa Ulaya walikula juu ya meza za namna hiyo. Lakini tuseme kweli: katika usiku wa risasi hatukuona mtu aliyebeba hata nusu ya meza. Tuliona wachache waliozificha mbao migombani, wakazikuta.

Jibu la pili ni la kimya. Randa ya fundi wetu ina mwili wa mbao na ulimi wa chuma. Wakati wa kukimbia hugonga mwili, akautoa ulimi, akaufunga katika kitambaa pamoja na tindo mbili na bamba la msumeno lililokunjwa. Mzigo huo haufiki kilo 2, unaingia chini ya shati. Katika kambi au mjini Goma huchonga mwili mpya wa randa kwa kipande cha mti mgumu, kazi ya siku moja, akaanza kutengeneza vitanda na viti vya watu wengine. Akirudi, anarudi na chuma kile kile.

Ndiyo maana ukipita leo katika nyumba za waliorudi utakuta meza za ajabu: uso wa libuyu wa zamani ulionusurika chini ya majani ya ndizi, miguu mitatu myekundu ya grevilea, na mguu wa nne mweupe wa sipresi, bado una harufu, uliopigwa ulimi na kijiti mahali pa ule uliochomwa.